Programu za Bure na za Kubebeka kwa Waundaji wa Modeli za Karatasi

Modeli ya karatasi huanza ikiwa bapa. Kitu halisi, kama vile nyumba, gari au kilima, hupimwa na kupunguzwa kwa skeli, kisha pande zake hukunjuliwa na kulazwa kwenye karatasi ziwe patani, kama ile anayoikata fundi cherehani kabla ya kugusa kitambaa. Patani huchapishwa, hukatwa, hukunjwa na kuunganishwa kwa gundi. Kompyuta husaidia katika kila hatua inayotangulia mkasi: kupima, kuchora, kukunjua, kupamba na kupanga kurasa. Hakuna programu moja ya bure inayozifanya kazi hizi zote vizuri. Zipo kadhaa, kila moja na kazi yake, na ufundi wenyewe ni kujua faili itoke wapi iende wapi.

Katika kaunti za Kericho na Bomet nchini Kenya, uchaguzi wa programu huongozwa na jambo moja: mara nyingi kompyuta na printa ni za mtu mwingine. Mwanafunzi mwenye mradi wa Mtaala wa Umilisi, mwalimu wake, au kijana anayeunda matatu za kadibodi hufanya kazi kwenye mashine ya shule au ya saiba mjini Kericho, Litein, Sotik au Bomet. Mashine hizo kwa kawaida hazimruhusu mtumiaji kusakinisha chochote. Nyingine ni za zamani, na mvua ya alasiri ikija na radi, umeme huweza kukatika kazi ikiwa katikati. Kwa hiyo programu ifaayo ni ile isiyodai malipo, inayofanya kazi kutoka kwenye flashi, na inayotoa faili ambayo kompyuta yoyote itaifungua bila kuipotosha.

Kuandaa flashi

Programu ya kubebeka hufunguka moja kwa moja kutoka kwenye folda yake na kuweka mipangilio yake humo humo. Ikifungwa na flashi ikachomolewa, kompyuta ya mwenyewe hubaki ilivyokuwa. Mkusanyo mkubwa wa programu za namna hii uko PortableApps.com, mradi wa John T. Haller uliochipuka kutoka kwenye toleo la kubebeka la kivinjari cha Firefox mwaka 2004. Humo hupatikana Inkscape ya kuchora mistari, GIMP ya kurekebisha picha, LibreOffice, 7-Zip ya kufungua faili zilizobanwa na SumatraPDF ya kusoma na kuchapisha PDF.

Blender, programu ya kuunda maumbo ya pande tatu, hutolewa na wenyewe kama faili ya zip ambayo ikifunguliwa tu iko tayari kutumika. Kuanzia toleo la 4.2, folda tupu iitwayo "portable" ikiwekwa kando ya faili ya kuanzishia programu, mipangilio yote hukaa kwenye flashi. Kwa kompyuta za zamani, toleo lichaguliwe kwa uangalifu. Windows 7 huhitaji matoleo ya kale, na kwa mashine yenye kadi dhaifu ya michoro toleo la 2.79 huwa tegemeo. Matoleo hayo ya kale hayazuii kazi ya karatasi, kwa kuwa kiongezo cha kukunjua maumbo kimo ndani yake.

Flashi ya GB 32 inatosha na kubakiza. Zinazouzwa kwa bei ya kutupa huweza kudanganya juu ya ukubwa wao, zikaandikwa GB 64 huku zikihifadhi sehemu ndogo tu na kuharibu kinachozidi. H2testw, programu ndogo ya bure isiyohitaji kusakinishwa, huijaza flashi data, ikaisoma tena na kutaja ukubwa wa kweli. Jaribio hilo lifanywe kabla ya kuweka kazi yoyote.

Ndani ya flashi folda tatu zinatosha: moja ya programu, moja ya kazi zinazoendelea, na moja ya faili zilizo tayari kuchapishwa. Flashi inayopita kwenye kompyuta nyingi huokota virusi kwa urahisi, hasa vile vinavyoficha folda na kuacha njia za mkato mahali pake. Kwa sababu hiyo ni bora kupeleka saiba flashi ya pili, ndogo, yenye PDF peke yake, na kuiacha ile yenye programu na faili asili kwa ajili ya kuundia.

Kupima jengo na kupata picha zake

Utepe wa kupimia bado ndio chombo bora kwa jengo linalofikika. Kwa jengo kubwa au lisiloruhusiwa kuingiwa, Google Earth hupima urefu na upana wa paa kutoka juu, na toleo lake la kwenye kivinjari halihitaji kusakinishwa. Kipimo hicho ni cha paa, na paa hutokeza nje ya ukuta, kwa hiyo upana wa upenu utolewe pande zote mbili. Urefu wa kwenda juu hukadiriwa kutokana na kitu kinachojulikana kwenye picha: mlango wa kawaida wa mita 2, au safu za matofali zinazohesabika.

Picha za kuta hupigwa kwa simu. Kwa kuwa mpigaji husimama chini, ukuta hutoka umepungua kuelekea juu. GIMP hunyoosha kasoro hiyo kwa kifaa cha kubadili mtazamo: kikiwekwa kwenye hali ya kusahihisha, pembe nne huburutwa hadi zilingane na pembe nne za ukuta, na picha hurudi kuwa mstatili. Siku ya mawingu mepesi hufaa kuliko jua kali, kwani kivuli cha upenu kikishachapishwa juu ya karatasi hakiondoki.

Patani za mistari: Inkscape

Maumbo mengi ya mashambani hayahitaji pande tatu hata kidogo. Kibanda cha kununulia majani chai, ambapo wakulima hukutana kupimiwa mavuno, ni sanduku lenye paa la mabati la miteremko miwili, na ni modeli nzuri ya kuanzia. Ichukuliwe kwamba kibanda kina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, na kilele cha paa kiko mita 1.5 juu ya ukuta. Kwa skeli ya 1:50, mita moja huwa milimita 20, kwa hiyo sakafu ni milimita 120 kwa 80. Mteremko wa paa hupatikana kwa kanuni ya Pythagoras: nusu ya upana ni mita 2, kimo ni mita 1.5, hivyo mteremko ni mita 2.5, yaani milimita 50. Ukiongezwa upenu wa milimita 10 kila upande, paa zima huwa mstatili wa milimita 120 kwa 140 wenye mkunjo mmoja katikati.

Inkscape huchora hayo yote kwa milimita kamili. Ukurasa uwekwe kuwa A4, vipimo viwe vya milimita, na kila mstatili uandikiwe ukubwa wake kwenye visanduku vya juu badala ya kuburutwa kwa kipanya. Tabaka tatu hurahisisha kazi: moja ya mistari ya kukata, moja ya mistari ya kukunja, moja ya rangi na picha. Mistari ya kukata huwa kamili, ya kukunja huwa ya vitone, na masikio ya gundi hupewa upana wa milimita 5 hadi 8 na pembe zilizopunguzwa ili yasigongane ndani. Jengo lenye madirisha mengi yanayofanana, kama kiwanda cha chai, huchorwa dirisha moja tu. Amri ya kunakili kwa safu huzaa mengine, na dirisha la kwanza likibadilishwa, yote hubadilika nalo.

Nyumba ya msonge huonyesha ubora wa hesabu kuliko kubahatisha. Paa lake lina umbo la pia (koni), na umbo hilo likikunjuliwa huwa kipande cha duara. Pembe ya kipande hicho ni digrii 360 zikizidishwa kwa nusu kipenyo cha upenu, kisha zikigawanywa kwa urefu wa mteremko. Nyumba yenye upenu wa nusu kipenyo cha mita 2.4 na mteremko wa mita 3.2 hupata digrii 270, maana yake duara lililotolewa robo. Kwa skeli ya 1:50 duara hilo lina nusu kipenyo cha milimita 64. Ukuta wenye nusu kipenyo cha mita 2 huwa ukanda wa milimita 251, ambao pamoja na sikio la gundi la milimita 10 unatosha katika urefu wa A4. Kifaa cha duara cha Inkscape hupokea pembe ya kuanzia na ya kuishia, kwa hiyo paa huchorwa kwa kuandika namba mbili.

Kuna mtego mmoja kwa anayerithi faili za zamani. Hadi toleo la 0.91 Inkscape ilihesabu vitone 90 kwa inchi, na kuanzia 0.92, lililotoka mwaka 2017, ikahesabu 96. Faili ya kale ikifunguliwa bila kurekebishwa hupungua kwa asilimia 6.25, kiasi kwamba ukuta wa milimita 120 unatoka 112.5. Programu yenyewe huuliza ifanyeje inapokutana na faili ya aina hiyo, na swali hilo lisipitwe kwa haraka.

Maumbo ya pande tatu: Blender

Jengo likiwa na miteremko mingi, hesabu ya mkono huchosha na makosa huzidi. Mfano wa karibu ni Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Kericho, lililosanifiwa na kampuni ya John McAslan + Partners ya London, likafunguliwa mwaka 2015, na lenye nafasi ya waumini wapatao 1,500. Paa lake la vigae hushuka pande mbili hadi karibu na ardhi, na jengo hupanuka na kuinuka kutoka mlangoni kuelekea madhabahuni. Hakuna upande wa paa ulio mstatili wa kawaida, wala mbavu mbili za ndani zinazolingana.

Kwenye Blender umbo hilo hujengwa kwa vipimo halisi vya mita, bila kufikiria skeli. Kisha mistari ambayo karatasi itakatwa huchaguliwa na kupewa alama kwa amri ya "Mark Seam". Hapo huja kiongezo kiitwacho "Export Paper Model", kazi ya Adam Dominec, ambacho hukunjua umbo, hulipanga kwenye kurasa za A4, huongeza masikio ya gundi na huandika namba kwenye kila ukingo ili 14 ikutane na 14. Skeli huandikwa wakati huo, na matokeo huhifadhiwa kama PDF au SVG. Ya SVG ndiyo yenye manufaa zaidi, kwa kuwa hufunguka Inkscape kwa ajili ya kusafisha mistari, kuongeza rangi na kuandika maelezo. Tangu toleo la 4.2 la mwaka 2024 kiongezo hiki hakiji tena ndani ya Blender. Hupakuliwa kutoka kwenye ukurasa wa viongezo kama zip na kusakinishwa kutoka kwenye diski, hivyo zip hiyo ihifadhiwe kwenye flashi kabla ya kwenda mahali pasipo na intaneti.

Mambo matatu huokoa muda. Kwanza, upande wenye pembe nne ambazo hazilali kwenye bapa moja lazima ugawanywe kuwa pembetatu mbili, la sivyo karatasi itajikunja pasipotakiwa. Pili, karatasi hupinda kuelekea upande mmoja tu. Mcheduara na pia hukunjuka vizuri, lakini kuba la msikiti halikunjuki, na ni sharti ligawanywe kuwa vipande vyembamba kama maganda ya chungwa. Nusu tufe yenye nusu kipenyo cha milimita 30 iliyogawanywa mara 12 huwa na vipande vya upana wa milimita 15.7 chini na urefu wa milimita 47 hadi kileleni. Tatu, pande ndogo mno hazikatiki. Modeli iliyotolewa kwenye intaneti ikiwa na pembetatu maelfu hupunguzwa kwa kifaa cha "Decimate" hadi kila kipande kiweze kushikwa kwa vidole.

Hobi hii ina pia programu maarufu ya Kijapani, Pepakura Designer, na modeli nyingi za bure husambazwa kwa faili zake za PDO. Kuihifadhi kazi mpya kwenye Pepakura kunahitaji leseni ya kulipia, na programu hufanya kazi kwenye Windows tu. Kwa anayetaka kuchapisha modeli za wengine, Pepakura Viewer hutolewa bure na inatosha.

Vilima vya majani chai kwa tabaka

Mandhari ya Kericho na Bomet yenyewe ni modeli nzuri: miteremko ya majani chai, mabonde ya mito na ukingo wa msitu wa Mau. Modeli ya vilima hutengenezwa kwa kukata kadibodi kwa kufuata mistari ya mwinuko na kuzipandisha moja juu ya nyingine. QGIS, programu huru ya ramani, hutoa mistari hiyo kutokana na data ya mwinuko ya SRTM. Data hiyo ya NASA yenye hatua za takriban mita 30 ilianza kufunguliwa kwa wote mwaka 2014, ikianzia Afrika. QGIS ni nzito na ni bora isakinishwe, kwa hiyo kazi yake ifanywe mara moja kwenye mashine yenye nguvu, na mistari ihamishwe kama SVG au PDF kwenda Inkscape.

Skeli ya kwenda juu haihitaji kulingana na ya mlalo. Kwa ramani ya 1:25,000, mwinuko wa mita 20 ni milimita 0.8 tu. Kadibodi ya katoni ya milimita 3 ikitumika kwa kila mita 20, vilima vitatokea vimeinuliwa mara 3.75 kuliko uhalisia. Kiasi hicho huonekana vizuri mezani, mradi kiandikwe kwenye kibao cha modeli.

Kupeleka kazi kwenye printa

Faili inayokwenda saiba iwe PDF. Kwenye Inkscape maandishi yageuzwe kuwa mistari kabla ya kuhifadhi, kwani kompyuta isiyo na fonti iliyotumika huweka nyingine na kuvuruga vipimo. Printa nyingi haziwezi kuchapisha ukingoni kabisa, hivyo patani iachiwe milimita 10 kila upande, na eneo la kazi liwe milimita 190 kwa 277. Ukuta wa kiwanda wa mita 60, kwa mfano, ni milimita 300 kwa skeli ya 1:200 na hautoshi, ila kwa 1:250 ni 240 na unatosha. Picha kubwa isiyogawanyika kwa urahisi hukatwa kurasa na PosteRazor, programu ndogo ya bure inayoacha sehemu ya kupandiana kati ya ukurasa na ukurasa.

Kosa linaloharibu modeli nyingi ni printa kupunguza ukurasa bila kuulizwa. Kwenye SumatraPDF huchaguliwa "Use original page sizes", na kwenye Adobe Reader "Actual size". Aina ya karatasi iangaliwe pia, kwa sababu printa iliyowekwa kwenye karatasi ya Kimarekani ya milimita 216 kwa 279 itabana A4. Kinga ni kuchora kwenye kila ukurasa mistari miwili ya milimita 100, mmoja wa mlalo na mmoja wa wima. Ukurasa wa kwanza uchapishwe kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80 na mistari ipimwe kwa rula. Ikisomeka 97, ukurasa umepunguzwa kwa asilimia 3, na karatasi nzito haijapotea.

Mistari hiyo miwili ina kazi nyingine katika eneo linalopata mvua nyingi. Karatasi hunyonya unyevu hewani na kutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, hivyo kurasa zilizochapishwa siku tofauti huweza kukataa kukutana. Karatasi nzito ya gramu 160 hadi 200 ihifadhiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na kurasa zote za modeli moja zichapishwe kwa mkupuo mmoja. Wino wa maji huvuja ukiguswa na gundi nyeupe. Chapa ya leza haivuji, ila hupasuka kwenye mkunjo, na mpasuko huo hufichwa kwa kalamu ya rangi.

Leseni na nakala za akiba

Si kila programu ya bure inaruhusu biashara. Inkscape, GIMP, Blender na QGIS zina leseni huru, na anayeuza modeli zake kwa watalii au kwa shule hadaiwi chochote. IrfanView, kitazamaji picha chepesi kinachopendwa na wengi, ni bure nyumbani na shuleni, lakini matumizi ya kibiashara yanahitaji leseni. Modeli za kupakua nazo zina masharti yake: nyingi huruhusu kuundwa kwa burudani na kukataza kuuzwa.

Kazi ihifadhiwe mara kwa mara, kwani umeme ukikatika hautoi taarifa. Blender hujihifadhi yenyewe kila dakika mbili, lakini nakala hiyo huenda kwenye folda ya muda ya kompyuta inayotumika, ambayo mwundaji huenda asiifikie tena. Kwenye mipangilio folda hiyo ielekezwe kwenye flashi. Kwa kila modeli iliyokamilika, vitu vitatu viwekwe pamoja na kunakiliwa mahali pa pili: faili asili ya Blender au Inkscape inayoweza kuhaririwa, PDF iliyothibitishwa kwa rula, na maandishi mafupi yenye skeli, uzito wa karatasi na toleo la programu iliyotumika. Kwa hayo, mtu mwingine kwenye kompyuta nyingine ataweza kuichapisha upya kwa kipimo kile kile.